King'ora cha Mzee wa Mashine

Mzee wa Mashine aliporudi mara ya pili hakutusalimia. Aliingiza pikipiki yake mpaka katikati ya karakana, akaizima, akavua kofia iliyojaa unga na kumtazama mjomba wangu kana kwamba mimi niliyekuwa mbele yake ni stuli.

"Kimekufa tena," alisema.

"King'ora?" Mjomba aliacha kufuta mikono. "Si kimefungwa kipya juzi tu?"

"Kipya cha jina. Nikibonyeza rimoti taa zinakonyeza, king'ora kimya. Hata kukohoa hakikohoi."

Jirani yetu, fundi wa kuchomelea vyuma, ambaye hakosi mahali penye maneno, alikuwa ameshafika mlangoni na miwani yake nyeusi kichwani. "Nani alikifunga?" aliuliza, na alijua vizuri nani. "Nong'ona? Basi mzee usilalamike. Kimefuata tabia za fundi wake."

Wakacheka, yeye na mzee. Nong'ona ndilo jina nililopewa pale karakana, kwa sababu sauti yangu ni ndogo na nyembamba, na kila ninayemsemesha huniambia nirudie. Nilishazoea. Ila siku ile mjomba hakucheka, na nilijua kwa nini.

Kulikuwa na maneno kati yake na shangazi yangu. Shangazi, dada wa marehemu baba, ana saluni ya kusuka, na kwa muda mrefu alikuwa akinitaka nikafanye kazi kwake. "Msichana anashinda amelala chini ya pikipiki," alimwambia mjomba mbele yangu, "kucha nyeusi kama anachimba makaa. Unamlea au unamzika?" Alinipenda, sisemi hakunipenda. Lakini saluni yake ni mahali pa kuongea kutwa. Mteja akishakaa kwenye kiti lazima umpe habari, umsifu, umchekee, umsengenyee jirani yake, na ukinyamaza anadhani umemnunia. Nikifikiria tu kile kiti, jasho lilinitoka. Mimi nilipenda nyaya. Nilipoacha shule darasa la tano, mjomba ndiye aliyenionyesha jinsi ya kufuata waya kutoka kwenye betri mpaka kwenye taa, na tangu hapo sijaona kitu kinachonituliza kama hicho. Waya haukuambii urudie.

Mwishowe mjomba alimwambia shangazi: "Nitampa kazi moja iwe yake mwenyewe. Ampokee mteja, atafute ugonjwa, atengeneze, amkabidhi. Mimi simo. Akiweza, anabaki huku na hunisumbui tena. Akishindwa, njoo umchukue."

Kazi hiyo moja ilikuwa king'ora cha Mzee wa Mashine.

Mzee mwenyewe alikuwa na sababu ya kukitaka kiwe kizima. Anasaga nafaka, na anaishi peke yake katika chumba kilicho nyuma ya mashine yake, kule pembezoni ambako jioni watu wote wakishaondoka hubaki yeye na maghala yaliyofungwa. Pikipiki yake ya kwanza waliiiba chini ya dirisha lake, naye yuko ndani. Hii ya pili wanawe walichangishana wakamnunulia, na ndiyo anayopelekea wateja unga.

"Ile ya kwanza nayo ilikuwa na king'ora," alituambia siku ya kwanza alipokuja. "Walinifungia mafundi wengine, matapeli. Siku ya kazi kikanyamaza. Na mimi si mtu wa usingizi mzito."

Sasa nieleze jinsi tunavyopima ving'ora pale kwetu, maana bila hivyo hutanielewa. Ukuta wa nyuma wa karakana ni ukuta wa nyumba ya kulelea watoto wadogo. Zamani, kabla mimi sijafika, mjomba alikuwa anapima king'ora hadharani kama mafundi wengine. Siku moja mama mlezi wa pale alitoka na watoto wawili wanaolia, akampa mjomba mmoja mkono huu na mwingine mkono ule, akamwambia, "Haya, umewaamsha, wabembeleze wewe," akaondoka zake. Mjomba alishinda nao mpaka walipolala. Kuanzia hapo karakana ikaanza kutumia friji. Ni friji bovu, limelazwa pale pembeni, lina tundu la kupitishia nyaya. King'ora unakiweka ndani, unafunga mlango, unabandika kiganja juu yake. Kikilia unasikia mtetemo mkononi, na kwa mbali sauti kama ya mbu aliyefungiwa kwenye chupa. Mlango ukitetemeka, king'ora kizima. Ukishakifunga kwenye pikipiki hukijaribu tena, kwa ajili ya wale watoto.

Basi siku ile mzee aliporudi nilikifungua king'ora nikakipeleka kwenye friji. Mlango ulitetemeka vizuri kabisa. Nikamwita mzee kwa mkono, nikamwonyesha aweke kiganja chake.

"Kinatetemeka," alikubali, na ndevu zake zikatulia kidogo. "Sasa mbona kwangu kinakufa?"

Sikujua. Nilidhani ni mtikisiko wa njia unaolegeza soketi. Nikasafisha miguu ya soketi, nikakaza waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye fremu, nikakigeuza mdomo uangalie chini maji yasiingie, nikafunga kila kitu kwa utepe. Kwa usalama nikamwekea king'ora kingine kipya cha aina tofauti, nacho nikakipima kwenye friji. Akaondoka.

Siku iliyofuata alirudi.

Safari hii alisimamisha pikipiki, akaweka rimoti juu ya meza ya mjomba, akakunja mikono.

Mjomba alinivuta kando. Si mtu wa kufoka, na ndiyo sababu akisema jambo linakaa. "Mwanangu, shangazi yako amepiga simu leo asubuhi. Nimemwambia bado unaendelea. Kesho akipiga nimwambie nini?"

"Kinalia, mjomba," nilisema. "Nakipima kinalia."

"Kwenye friji kinalia. Mteja halali kwenye friji. Nenda naye mpaka kwake ukaone kinafia wapi. Ukirudi bila jibu, funga mizigo, mimi sina la kumwambia tena yule mwanamke."

Nikachukua rimoti na begi la vifaa, nikapanda nyuma ya Mzee wa Mashine. Njiani nilijitahidi. Niliona kwamba kama kazi ni yangu, na kuongea ni kwangu. Nikamuuliza kama king'ora hunyamaza ghafla au huanza kwa kufifia. Hakujibu. Nikamuuliza kama huwa anaiosha pikipiki kwa mpira wa maji. Kimya. Nikamwomba radhi kwa usumbufu. Hata bega halikutikisika. Nikajisemea huyu mzee amenidharau mpaka mwisho, hataki hata kuupokea msamaha wangu, nami nikanyamaza, nikashikilia begi langu na kutazama mgongo wake mweupe kwa unga.

Kwenye mashine kulikuwa na kina mama wanangoja na ndoo zao. Kijana aliyeachiwa usagaji alikuwa anamimina mahindi. Ule mngurumo ulinijaa mpaka kwenye meno. Pale watu hawaongei, wanaonyeshana kwa mikono: huyu kwanza, saga laini, bado kidogo. Nilipenda. Nikajiwazia kwamba hapa hata mimi ningeitwa msemaji.

Mara mzee akainua kichwa. Alisimama kama mtu aliyeitwa, akatembea haraka akazima mashine. Mngurumo ukashuka polepole ukaisha. Akaingiza mkono kwenye mdomo wa mashine, akapekuapekua, akatoa kokoto dogo kuliko punje ya maharage. Akamwonyesha yule kijana.

"Hulisikii hili? Linagonga kama nyundo!"

Kijana alitikisa kichwa. Hakuna aliyekuwa amesikia. Mimi nilisimama karibu na mashine kuliko yeye, na sikusikia chochote ila mngurumo.

Kwa kuwa mashine ilikuwa imezimwa na kumetulia, nikaona ndiyo nafasi yangu. Nilikwenda ilipo pikipiki pale mbele, nikaifunga kwa rimoti, nikaisukuma kidogo kwa goti kama mwizi.

Mungu wangu. Katika muda wote niliokaa karakana sikuwahi kukisikia king'ora kwa karibu kikiwa wazi. Kilitoboa. Kilikuwa chembamba na kikali kama sindano inayoingia sikio hili na kutokea lile. Kina mama waliziba masikio. Mmoja aliangusha ndoo. "Weee! Zima hilo dude!" alipiga kelele. Mbwa aliyekuwa amelala chini ya gari aliamka akakimbia bila kuangalia nyuma.

Na Mzee wa Mashine alikuwa amesimama hatua chache tu kutoka pale, kokoto bado mkononi, anaitazama pikipiki kwa uchungu.

"Umeona?" aliniambia. "Taa tu. Kimya."

Nilibonyeza rimoti kikanyamaza. Kina mama walitazamana. Mmoja wao alianza kucheka, mwenzake akafungua mdomo, na niliona kabisa neno analotaka kulisema kwa sauti kubwa mbele ya wote. Sijui nilipata wapi nguvu. Nilimshika mzee mkono, mimi ambaye siwezi kumwomba mtu anipishe mlangoni, nikamwongoza mpaka nyuma ya magunia.

Nilikuwa nimeshika mkono wa mtu ambaye anaweza kusikia kokoto ndani ya radi. Na njia nzima hakunisikia mimi. Niliyaweka mambo hayo mawili pamoja kama unavyoweka nyaya mbili, na taa ikawaka.

Sikupandisha sauti. Watu huniambia pandisha, pandisha, na nikiipandisha inazidi kuwa nyembamba. Safari hii niliivuta chini, mpaka kifuani, kama mtoto anayemwigiza baba yake.

"Babu, king'ora kinalia."

Aligeuka akanitazama usoni. Nadhani ndiyo mara ya kwanza alinitazama. "Kinalia wapi?"

"Pale pale. Kimelia sasa hivi. Hukuwaona kina mama wameziba masikio?"

"Nilidhani wananifanyia mzaha." Kisha uso wake ukakaza. "Usiniambie mimi sisikii. Hilo kokoto nani alilisikia? Ulilisikia wewe?"

"Sikulisikia."

"Yule kijana je? Wale je?"

"Hakuna aliyelisikia, babu. Sauti nzito unazisikia kutupita sote. Nyembamba ndizo hazikufikii. Kile king'ora ni chembamba. Na mimi sauti yangu ni nyembamba. Nilikuwa nakusemesha tangu tulipotoka karakana."

"Wewe? Ulikuwa unanisemesha?"

"Njia nzima."

Alikaa juu ya gunia taratibu. "Nami nikasema moyoni, hako kasichana kana kiburi, kamefunga kitu kibovu na hata pole hakasemi."

"Nilisema pole."

"Ulisema?"

"Mara mbili. Nikasema huyu mzee ana kiburi, hataki hata kuitikia."

Alicheka kwa pua, kicheko kifupi, halafu kikamwishia. Alilizungusha lile kokoto kwenye vidole. Nilijua anakokwenda kabla hajafika.

"Ile ya kwanza," alisema. "Niliwatukana sana wale mafundi. Nilikwenda mpaka kwao nikawatukana." Akalifumba kokoto kiganjani. "Kwa hiyo kililia?"

"Sijui, babu. Sikuwepo."

"Hukuwepo," alirudia, kama ananishukuru. Kisha akajipangusa magoti unga. "Basi mimi sina dawa. Pikipiki nitailaza kitandani, mimi nilale nje."

"Dawa ipo," nilisema. "Usifungiwe king'ora. Nikufungie honi."

Nilirudi karakana kwa miguu, karibu nakimbia. Tuna sanduku la vyuma chakavu, na ndani yake kulikuwa na honi ya gari bovu, ile bapa kama kisahani, ambayo ikilia unaisikia miguuni. Niliitoa nikaipangusa. Mjomba alikuwa amesimama juu yangu.

"Umepata jibu?"

"Hasikii sauti nyembamba. Mashine imemla masikio upande huo. Nataka kumfungia hii."

Mjomba alinitazama, akatazama friji, akatazama tena honi. Alijikuna shingo muda mrefu. "Na sisi tunapima kwa kiganja," alisema, "tukamfundisha na mzee wa watu apime kwa kiganja." Kisha ufundi ukamrudia. "Honi ya gari inakula umeme. Kisanduku cha alamu kitaungua."

"Sitaiunga moja kwa moja. Naweka swichi ya rilei, waya wa king'ora ufungulie rilei tu, umeme wa honi utoke kwenye betri na fyuzi yake. Na itakuwa inakata na kurudi, haitalia mfululizo."

"Ikiungua?"

"Ikiungua nitakwenda kusuka."

Jirani wa kuchomelea alikuwa mlangoni, bila shaka. "Nong'ona ameongea maneno mengi hivyo?" aliuliza. "Nani amemchomeka kwenye chaji?"

Jua lilikuwa limeshalegea nilipomaliza kufunga kule kwa mzee. Kina mama walikuwa wameongezeka. Hakuna aliyeondoka, hata waliokwisha kusagiwa. Mzee mwenyewe ndiye aliyepanga jaribio: alikwenda akasimama mbali, akaipa pikipiki mgongo.

"Taa zisinidanganye," alisema. "Haya, iba."

Niliisukuma kwa goti. Rilei ikalia tik, tik, tik. Honi haikusema kitu.

"Kimya," alisema mzee bila kugeuka. Sauti yake ilikuwa imechoka.

Nilipiga magoti nikafuata waya kama nilivyofundishwa, toka mwanzo. Betri, fyuzi, rilei, honi. Umeme ulifika. Nikatazama nilipofunga ethi, na hapo nikajitukana: nilikuwa nimeibana juu ya rangi. Rangi ya fremu haipitishi umeme. Nilichukua bisibisi nikakwangua mpaka chuma kikang'aa, nikabana tena.

Nikasukuma.

Honi ilinguruma kama lori linaloingia sebuleni. Mzee wa Mashine aliruka. Aliruka kweli, miguu yote miwili, akageuka mikono imeinuka tayari kupigana na mwizi. Kina mama walipiga vigelegele na kupiga ndoo. Nilizima.

"Tena," alisema mzee.

Nikairudia.

"Tena!"

Aliniambia tena na tena mpaka mama mmoja akasema, "Mzee wa Mashine, inatosha, betri si ya serikali." Mzee alikuwa anacheka machozi yanakata njia kwenye unga wa mashavuni. Kisha akanisogelea, akainamisha kichwa karibu na changu.

"Nina mjukuu," alisema. "Huja hapa likizo. Kadogo, kanachezea kwenye magunia. Nilimwambia mama yake, mtoto wako nikimwita haitiki, nikimuuliza hajibu. Nikasema ni mjeuri. Siku hizi hata hakaji karibu yangu." Alimeza mate. "Unadhani kalikuwa kananijibu?"

"Akija, mkalishe karibu, akutazame usoni," nilisema kwa ile sauti yangu ya kifuani. "Mwambie aongee kwa chini. Na hospitali wanapima masikio, babu. Kuna vifaa vya kuvaa."

"Vile vidude? Nitaonekana mzee."

"Kwani sasa hivi unaonekana nini?" aliuliza yule mama wa betri, na yeye ndiye aliyecheka kuliko wote.

Mzee alisema atakwenda. Hakusema lini, lakini alimuuliza yule kijana kama anaweza kubaki na mashine asubuhi moja peke yake, na hiyo niliona si ahadi ndogo kwa mtu kama yule.

Nilirudi karakana mjomba anafunga mlango. Nilimsimulia yote, tangu kokoto mpaka mjukuu, na nilipofika kwenye ethi niliyoibana juu ya rangi sikuiruka. Alisikiliza bila kunikatiza, wala hakuniambia nirudie. Kisha akatoa simu, akampigia shangazi, akaiweka kwenye spika.

"Huji kumchukua," alimwambia. "Kazi ameiweza."

"Ameiwezaje? Wewe unamtetea tu. Mimi nimeshamshonea aproni!"

"Mletee huku. Huku ndiko anakochafuka."

Shangazi alisema maneno mengi ambayo siwezi kuyaandika, akakata. Jumapili alikuja. Alipita kwenye mafuta kwa ncha za vidole, akinung'unika, akanivalisha ile aproni mwenyewe, ya rangi ya waridi yenye mifuko miwili mikubwa, akanifunga kamba mgongoni kwa nguvu kama vile nina miaka mitano.

"Geuka nikuone," alisema.

Nikageuka. Mfuko mmoja nikatia bisibisi, mwingine kitaa cha kupimia umeme. Nje, mteja alikuwa anaingiza pikipiki isiyowaka, anatafuta fundi, na mjomba alimwonyesha nilipo kwa kidole.